Kugawa Masafa kwa Ujumbe Usioweza Kusubiri



Mitandao ya 5G ambayo Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya walianza kuiuza mwaka 2022 inanadiwa kwa kasi ya intaneti. Leo nazungumzia upande mwingine wa teknolojia hiyo: ujumbe mfupi unaotakiwa ufike bila kukosa, tena papo hapo. Mfano ni amri ya kusimamisha kreni ya makontena inayoendeshwa na mtu aliye mbali nayo. Lengo lililowekwa na 3GPP, chombo kinachoandaa viwango vya mitandao ya simu, ni kwamba pakiti ya baiti 32 ivuke hewani ndani ya milisekunde 1, na isiyofika kwa wakati isizidi 1 katika kila 100,000.

Mgao wa masafa kwa kazi hii haupimwi kwa wastani. Wastani unaweza kupendeza huku ile pakiti moja iliyochelewa ikimwangushia mtu kontena.

Tuanze na hesabu. Ukomo wa kasi ya kutuma data bila makosa, aliouonesha Claude Shannon mwaka 1948, hufikiwa ujumbe ukiwa mrefu mno. Wetu una biti 256 tu. Nguvu ya mawimbi ikilingana na ya kelele, kwa ukomo huo zingetosha alama 256. Lakini kwa fomula ya Polyanskiy, Poor na Verdú ya mwaka 2010, ukitaka kosa 1 kwa 100,000, zinahitajika takribani 350. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi, na mawimbi hata hayajaanza kuyumba.

Yakianza kuyumba, kama yanavyofanya katikati ya vyuma vya bandarini, mfumo wa antena moja, kwa lengo lile lile la kosa 1 kwa 100,000, huhitaji nguvu ya wastani iliyo mara 100,000 ya kiwango cha chini kinachosomeka. Ukiwa na njia mbili zisizotegemeana, zinatosha mara 300 na ushei. Kwa hiyo ongeza antena, au tuma nakala kupitia minara miwili, kabla ya kuongeza nguvu. Hapo sioni ubishi.

Ubishi uko kwenye muda. Kwa kawaida kifaa kikitaka kutuma huomba nafasi, husubiri mnara ujibu, ndipo kitume. Milisekunde imeshakwisha. Dawa mojawapo ni kukipa kila kifaa zamu yake mapema, lakini zamu isiyotumika ni masafa yaliyolala bure, na masafa ni ghali. Dawa nyingine ni kukatiza: mnara ukiwa katikati ya kutuma video, huchukua vipande 2 kati ya 14 vya muda wa kutuma na kuvipa amri ya dharura, kisha huiarifu simu ya video kwamba vipande vile si vyake. Kilichopotea hutumwa tena.

Kutoka mnarani kwenda kwenye kifaa, mimi nachagua kukatiza. Kutoka kwenye kifaa kwenda mnarani, ambako mnara haujui nani ana dharura, zamu za kudumu hazikwepeki. Basi vifaa viwe vichache, na kinachozidi uwezo kikataliwe mapema. Seva nayo iwe jirani: kilomita 100 za nyaya za faiba, kwenda na kurudi, ni milisekunde 1 nzima.

Ombi langu ni kwa mamlaka za mawasiliano na kwa wanaoandaa zabuni. Msipokee takwimu ya wastani wa ucheleweshaji pekee. Daini vipimo vya pakiti milioni kadhaa, vilivyochukuliwa saa ambayo mtandao umejaa, vikionesha ni ngapi zilizochelewa na kwa muda gani.