Gari la Mbao



Mimi nililelewa Ruiru, katika shamba la kahawa, miaka ya sitini. Leo ukipita upande ule utaona nyumba za ghorofa, lakini siku zile ilikuwa mibuni tu, safu kwa safu, hadi karibu na mto. Mama alikuwa mchumaji. Kahawa ilipoiva, tangu Oktoba hadi Desemba, aliondoka alfajiri, akalipwa kwa debe. Mimi niliachiwa dada yangu, naye mwenyewe alikuwa na miaka 9 tu.

Tulicheza kutwa nzima. Tulicheza kalongolongo, tukapika udongo ndani ya mikebe. Tulipiga mpira wa matambara. Lakini kilichotupendeza kuliko vyote ni gari la mbao. Dada alilitengeneza mwenyewe, kwa ubao wa sanduku na magurudumu aliyoyachonga kwa panga. Tulilipandisha juu ya mteremko, mimi nikakaa, yeye akasukuma. Zamu sikumpa hata siku moja. Nilisema msichana hawezi kuendesha gari. Naye alicheka, akasukuma.

Siku moja kamba ya kuongozea ilikatika, gari likaingia mtoni pamoja nami, na mto ulikuwa umejaa kwa mvua. Dada hakujua kuogelea. Alishika mzizi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanivuta kwa ukosi wa shati. Jioni mama aliona nguo zimelowa, akamchapa yeye. Mimi nilinyamaza.

Ndugu zangu, mnamkumbuka dada yake Musa. Katika Kutoka sura ya 2 anasimama kando ya mto, akimtazama nduguye mchanga ndani ya kisafina. Mahali pale hata jina lake halitajwi. Sisi wahubiri twapenda sana habari hiyo. Ile ya Hesabu sura ya 12 huipita upesi. Huko sasa ni watu wazima, na Miriamu pamoja na Haruni wanamsema Musa kwa ajili ya mke wake. Miriamu anapatwa na ukoma. Musa angeweza kunyamaza, lakini anamlilia Mungu amponye, na watu wote wanamngoja siku 7, hawasafiri.

Basi, mimi sikuwa Musa. Baba alipofariki mwaka 1996 aliacha ekari 2 upande wa Juja. Dada alikuwa ameolewa Thika. Nikasema aliyeolewa hana fungu kwetu. Nilijua vema kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, huwahesabu watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume. Nilijua, nikajificha nyuma ya mila. Hakunishtaki. Aliacha tu kuja kwangu.

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi. Zilinichukua miaka 17. Mwaka 2012 ilifunguliwa ile barabara kubwa, na kisingizio cha msongamano wa magari kikaniishia.

Nilikwenda mwaka uliofuata, na hati ya shamba mfukoni. Nyumba yake si mbali na maporomoko ya Mto Chania. Nilimkuta akichambua maharagwe. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniuliza kama nimekula. Nilipoiweka ile hati mezani aliitazama kitambo, kisha akasema, "Unalikumbuka lile gari? Lilikuwa langu."

Nikamwambia, "Nalikumbuka, dada."

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa mpima ardhi. Katika matatu palikuwa na nafasi moja tu mbele, karibu na dereva. Alikaa yeye.