Kabla ya Kuwauzia Nyumba: Kodi na Msaada wa Kodi kwa Wapangaji wa Kibera na Kawangware



Katika mijadala ya makazi nafuu Nairobi, kuna jambo tunalolipita haraka mno: wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hawaishi katika nyumba zao wenyewe. Ni wapangaji. Sumila Gulyani na Debabrata Talukdar, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walikuta takriban asilimia 92 ya kaya za mitaa ya mabanda ya Nairobi zikilipa kodi. Philip Amis alikuwa ameyaona hayo tangu mwaka 1984. Alionyesha kwamba vibanda vya Kibera havikujengwa na maskini anayetafuta pa kulala. Vilijengwa na watu waliotafuta faida ya kupangisha, nao waliipata. Tumeyajua haya kwa miaka 40. Lakini kila mpango mkubwa wa serikali bado huanza kwa kuuliza nani atauziwa nyumba. Mpangaji ameachiwa mwenye ploti.

Tuitazame ploti yenyewe. Pale Gatina, Kawangware, ni milango ya mabati inayotazamana, ujia mwembamba katikati unaopitisha maji ya kufulia, choo kimoja au viwili mwisho wa ploti, na mfereji unaotoa maji siku yanapopatikana. Chumba ni futi 10 kwa 10, pazia likitenga kitanda na jiko. Kodi inatakiwa ifike kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5. Isipofika, msimamizi wa ploti anaanza kupita na daftari lake jioni, wakati anapojua umerudi. Baada ya hapo unakuta kufuli la pili juu ya kufuli lako. Wengine hung'olewa mlango. Wako walioondolewa bati la paa watoto wakiwa ndani.

Mama anayefua nguo Lavington hulipwa kwa siku, naye hudaiwa kwa mwezi. Huyu si mtu asiyeweza kulipa kodi. Amelipa miaka nenda miaka rudi, pengine fedha ambazo zingetosha kujenga chumba kile mara kadhaa. Kinachomwangusha ni mwezi mmoja mbaya: mtoto amelazwa, mvua imenyesha wiki mbili na hakuna kazi, au tajiri wake amehama. Mwezi huo mmoja ukimtoa ndani, hupoteza chumba, majirani wanaomtazamia watoto, shule iliyo karibu, na wateja anaowafikia kwa miguu. Kuanza upya mahali pengine kunadai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti, na fedha hizo hana.

Sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inamkataza mwenye nyumba kumfukuza mpangaji bila amri halali, na kuna baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo. Taabu yake ni kwamba inazilinda tu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake cha kodi halali kinarejea kodi iliyotozwa Januari 1, 1981. Chumba cha mawe cha Kawangware kilikipita kiwango hicho zamani, kwa hiyo mpangaji wake yuko nje ya ulinzi. Aliye chini ya kiwango, katika nyumba ya udongo ya Lindi au Laini Saba huko Kibera, hana mkataba wala risiti ya kupeleka mbele ya baraza. Uganda ilipitisha sheria mpya ya wapangaji mwaka 2022 na kuweka kikomo cha asilimia 10 kwa nyongeza ya kodi ya mwaka. Sisi muswada wetu wa wapangaji wa mwaka 2021 haukuwa sheria.

Naomba tusizitazame Kibera na Kawangware kama mahali pamoja kwa sababu tu mabati yanafanana. Kibera ilikuwa ardhi waliyopewa askari Wanubi wa King's African Rifles, ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918. Baada ya uhuru serikali iliendelea kuihesabu kuwa yake. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa Wanubi kukabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ekari zaidi ya 4,000 za awali. Kwingineko Kibera, mwenye nyumba alijenga kwa ruhusa ya chifu. Mtu ambaye hajui kama mwakani tingatinga litapita, kama lilivyopita Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, hawezi kuchimba choo cha kudumu. Atajenga kwa udongo na kurudisha mtaji wake upesi.

Kawangware ni hadithi nyingine. Ni sehemu ya Dagoretti, ardhi ya familia za Wakikuyu zenye hati, iliyogawanywa kwa watoto na wajukuu. Hapo mpangaji hutishwa na uamuzi wa mwenye shamba mwenyewe: notisi ya mwezi mmoja, mistari ya mabati inashuka, fleti ya ghorofa tano inapanda. Fleti ina choo ndani na maji ya tangi. Ni nyumba bora, sikatai. Ila waliolala pale chini hawarudi juu, kwa sababu kodi imepanda maradufu na zaidi.

Je, serikali iamuru kodi ishuke? Hilo lilijaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 2001 Rais Moi na Raila Odinga, aliyekuwa waziri na mbunge wa Lang'ata, walitamka hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa juu mno na zinafaa kupunguzwa. Wapangaji walizuia kodi, wenye nyumba wakakataa, na mzozo ukageuka vita vya kikabila kati ya majirani. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Yeyote anayependekeza tena njia hiyo jukwaani anapaswa kuwakumbuka waliozikwa.

Njia ya pili ni kujenga. Chini ya KENSUP, mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009 katika fleti 600, kaya mbili au tatu zikigawana fleti moja, kila moja na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya wote. Mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa Soweto Mashariki kwenyewe. Tangu hapo serikali imeingia na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Kwa sheria hiyo, askari wa lango Kilimani anayelala Kawangware hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Sheria inamtambua anayepata chini ya shilingi 20,000 kuwa mlengwa wa nyumba za kijamii. Chumba cha mita 20 za mraba kimewekewa bei ya shilingi 640,000, na katika mradi wa Mukuru malipo yake yalitangazwa kuwa shilingi 3,900 kwa mwezi. Malipo hayo yanakaribia kodi za sasa, na hilo ni jambo jema. Lakini sheria iliweka amana ya asilimia 10. Hizo zilikuwa shilingi 64,000, kodi ya zaidi ya miaka miwili kwa anayelipa 2,500. Na huyo huyo mama wa Lavington, mwezi wake mbaya ukija akiwa ndani ya nyumba ya serikali, atakingwa na nini?

Mei 2024, mafuriko yalipobomoa makazi na serikali ikabomoa mengine kandokando ya mito, Rais William Ruto aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa ili ipate pa kuhamia. Kwa kweli huo ni msaada wa kodi. Kasoro yake ni kwamba ulikuja kama hisani ya dharura, baada ya watu kulala nje. Mwaka 2020, wakati wa korona, fedha za kila wiki zilitumwa kwa M-Pesa kwa kaya za mitaa hii hii. Maana yake ni kwamba njia ya kufikisha fedha tunayo.

Ninachopendekeza ni mfuko mdogo wa kudumu wa kodi, utokane na makato yale ya asilimia 1.5 ya nyumba. Ulipe kodi isiyozidi miezi miwili kwa mpangaji aliyepatwa na ugonjwa, moto, mafuriko au kufutwa kazi, na ulipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Vyama vya akiba vya mtaani vithibitishe dai, maana vinajua nani ameugua kweli. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, umefanya kazi na vikundi vya akiba kwa miaka mingi, kwa hiyo hatuanzi mwanzo.

Wapo watakaosema ruzuku itaishia mfukoni mwa mwenye ploti, naye atapandisha kodi. Hofu hiyo ina msingi mahali ambapo vyumba ni vichache. Ndiyo maana nisingetaka ruzuku ya kila mwezi kwa kila mtu kabla nyumba za kupangisha hazijaongezeka. Mfuko ulipe tu mwenye nyumba aliyeandikisha ploti, akatoa mkataba wa maandishi hata wa ukurasa mmoja, na akawa na choo na maji yaliyokaguliwa. Marekani, katika mpango wao wa vocha za kodi ulioanza mwaka 1974, mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na nyumba hukaguliwa kabla ya serikali kulipa. Kiasi chao hatukiwezi. Sharti la ukaguzi tunaliweza. Kwa mwenye ploti wa Kawangware aliye na hati, hilo ni jambo la fundi na mwezi mmoja. Kwa wa Kibera itabidi serikali kwanza impe barua ya kumhakikishia muda, hata miaka 10, la sivyo hatajenga choo hicho.

Naiomba Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu na Serikali ya Kaunti ya Nairobi zianze na wadi mbili tu, Gatina na Lindi, katika mwaka huu wa fedha, na wapangaji wawe na viti katika kamati itakayosimamia. Bunge nalo lirudishe mezani muswada wa wapangaji na kuondoa kile kiwango cha shilingi 2,500.