Faida ya Soya Huamuliwa Siku ya Kupanda



Soya si zao geni katika nchi hii. Liliingizwa na Wajerumani katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1907, na tangu hapo limesifiwa mara nyingi kwa ubora wake: punje yake ina protini kiasi cha asilimia 40 na mafuta kiasi cha asilimia 20. Hata hivyo, kwa miaka mingi limebaki kuwa zao la pembeni. Yuko mkulima wa nyanda za juu za kusini ambaye hulijaribu msimu mmoja, huvuna magunia machache, kisha hulitupa na kurudia mahindi peke yake. Hapo husemwa kwamba ardhi haifai, au kwamba mkulima ni mvivu. Mara nyingi si hivyo. Kosa huwa limekwisha kutendeka kabla ya palizi ya kwanza, na baadhi ya waliolitenda hawakushika jembe.

Yafaa kuanza na hesabu. Gharama ya kulima, kupanda na kupalilia eka moja haipungui kwa sababu mimea imeota michache. Chukua mfano wa mkulima ambaye gharama zake zote zinalingana na bei ya kilo 250 za soya. Akivuna kilo 300, faida yake ni kilo 50. Akivuna kilo 500 kwa gharama ile ile, faida yake ni kilo 250. Mavuno hayakufika hata mara mbili, lakini faida imekuwa mara tano. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayelipa deni lake na kubakiwa na karo ya watoto, na mtu aliyetoka jasho msimu mzima bure.

Uamuzi wa kwanza ni wa mbegu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mchagua mbegu ndiye mkulima hasa. Zipo aina kama Bossier, iliyoenea kwa miaka mingi, na zile zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kama vile Uyole Soya 1 na Uyole Soya 2. Hata hivyo jina zuri halitoshi. Mbegu ya soya ina mafuta mengi na ganda jembamba. Hupoteza uhai upesi ikiwekwa mahali penye joto na unyevu, au ikipurwa kwa kupigwa fimbo kwa nguvu. Mbegu ya msimu juzi yaweza kupendeza machoni na kuwa maiti ardhini.

Dawa yake ni rahisi. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitazame baada ya siku 5 hadi 7. Zikiota 80 au zaidi, mbegu inafaa. Zikiota 60, kiasi cha mbegu hakina budi kuongezwa. Zikiota 30, heri kutafuta mbegu nyingine kuliko kuutupa msimu.

Uamuzi wa pili ni wa nafasi. Mistari ikiachana sentimita 50, na mashimo sentimita 10, mita moja ya mraba hupata mashimo 20. Katika eka, ambayo ni kama mita za mraba 4,000, hayo ni mashimo 80,000. Kwa punje 2 kila shimo ni punje 160,000. Ikiwa punje 100 zina uzito wa gramu 15, mahitaji ni kilo 24. Mkulima aliyepewa kilo 10 na kuambiwa apande eka nzima hakusaidiwa. Amepewa shamba la magugu, kwa maana mimea iliyotawanyika haiwezi kufunika ardhi. Aidha, punje zisifukiwe zaidi ya sentimita 3 hadi 5, kwani soya huinua majani yake ya mbegu juu ya udongo, na udongo mzito huivunja shingo.

Uamuzi wa tatu, ulio mgumu kuliko yote, ni wa wakati. Katika mikoa ya kusini yenye msimu mmoja wa mvua, wakati ufaao kwa kawaida ni kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari. Zao linalokomaa kwa siku 100 hadi 120 likipandwa mapema mno hukauka mvua zikiwa bado zinanyesha, na punje huoza. Likichelewa hadi Februari, mvua hukatika maganda yakiwa hayajajaa. Tena soya huongozwa na urefu wa mchana: siku zinapofupika, huharakisha kutoa maua hata kama mmea ungali mfupi.

Lakini miezi hiyo ndiyo ya kupalilia mahindi, na mikono ya kaya ni ile ile. Soya hugeuzwa mwana wa kambo, likangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa hiyo mkulima mwenye nguvu ya nusu eka na alime nusu eka kwa wakati wake, kuliko eka nzima iliyochelewa.

Mwisho ni chakula cha mmea. Soya hushirikiana na bakteria wa mizizini wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Pale ambapo zao hili halijawahi kulimwa, yafaa mbegu ichanganywe kivulini na bakteria hao, ipandwe siku ile ile, na fosfeti iwekwe shambani. Mimea ikitoa maua, ing'olewe michache: vinundu vya mizizi vikiwa vyekundu ndani, kazi inafanyika.

Soko la China lilifunguliwa kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, na viwanda vya chakula cha kuku vinaihitaji. Soko, hata hivyo, halimfai mtu asiye na ziada ya kuuza. Hapa ndipo watumishi na walimu wanapohusika. Mbegu inayofika kijijini Februari, hata kama hati zake zote zina mihuri, ni mbegu iliyochelewa. Mwalimu mwenye kitambaa na punje 100 aweza kuwafundisha watoto hesabu ya asilimia, na jioni ile ile wazazi wakapata jibu wanalolihitaji. Mkulima hana msimu wa pili katika mwaka wa kurekebisha makosa ya wengine. Basi kila ofisi inayohusika na mbegu na ijiulize mwezi wa Oktoba, si wa Februari: mbegu iko wapi, na imeota ngapi katika mia?