Sekunde za Kubadili Magazini



Januari 8, 2011, nje ya duka la Safeway huko Tucson, Arizona, mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akisalimiana na wapiga kura wake. Kijana mmoja akampiga risasi ya kichwa, kisha akaugeukia umati. Bastola yake, Glock 19, kwa kawaida hubeba risasi 15. Yeye alikuwa ameipachika magazini ya risasi 33, ndefu hata ikachomoza chini ya mpini. Watu 6 walikufa. Risasi zilipomwishia na akataka kupachika magazini nyingine, watu wakamvamia wakamwangusha, na mama wa miaka 61 akainyakua ile mpya.

Mwezi huohuo mbunge Carolyn McCarthy wa New York akapeleka muswada katika Bunge la Wawakilishi: mwisho risasi 10 kwa kila magazini. Mumewe aliuawa ndani ya treni ya Long Island Desemba 1993, na mwanawe akajeruhiwa vibaya. Muuaji yule naye alikamatwa na abiria akiwa anabadili magazini.

Muswada wa namna hii haudai kumzuia muuaji asianze. Unataka asimame mapema zaidi kubadili magazini, ili mtu apate nafasi ya kukimbia au kumrukia. Mwenye nyumba aliyevamiwa usiku atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, nikisimama mimi? Jibu langu ni kwamba yeye walau ana mlango wa kufunga. Watu wa Tucson walikuwa na zile sekunde tu.

Udhaifu wa sheria za namna hii uko kwingine. Sheria ya 1994, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, ilipiga marufuku magazini za zaidi ya risasi 10, lakini zilizotengenezwa kabla yake ziliendelea kuuzwa kihalali kwa miaka yote 10, mpaka sheria ilipokufa Septemba 2004. Mfanyabiashara gani asingejaza ghala? McCarthy aliliona tundu hilo: aliye nayo abaki nayo, ila asiiuze wala kumpa mtu. Muswada wake ukafia kamatini.

California ilithubutu zaidi. Mwaka 2016 wapiga kura walikataza hata kumiliki magazini hizo. Jaji Roger Benitez akaitengua sheria hiyo mwaka 2019, na kabla amri yake haijasimamishwa ilipita takriban wiki moja ya watu kununua kwa pupa. Wenyewe wanaiita Wiki ya Uhuru. Machi 2025 mahakama ya rufaa iliirudishia sheria nguvu kwa kura 7 dhidi ya 4.  

Kwa hiyo nikiletewa rasimu, sianzi na kuuliza kama ni risasi 10 au 15. Nauliza zilizokwisha kuuzwa zitafanywaje, na sheria inaanza lini. Colorado ilitia saini sheria yake Machi 2013, ianze Julai. Siku chache kabla ya Julai, kampuni ya Magpul, iliyokuwa ikitengeneza magazini humohumo jimboni, iliandaa tamasha ikagawa magazini za risasi 30 bure.