Haki, Malkia wa Fadhila



Mada yetu ni nafasi ya haki miongoni mwa fadhila katika maadili ya Warumi wa kale. Nitamwita shahidi mmoja tu, Marcus Tullius Cicero. Wengi wenu mlikutana naye katika tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963. Humo hasemi mengi. Katika historia, alikuwa msemaji mkuu wa Jamhuri ya Roma.

Mwaka 44 K.K., miezi michache baada ya Caesar kuuawa, Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu juu ya wajibu. Kutoka kwa wanafalsafa wa Kiyunani alipokea fadhila nne: hekima, haki, ushujaa na kiasi. Je, zikigongana, ipi itangulie?

Sisi tuliosoma tungependa jibu liwe hekima. Cicero anaiheshimu sana hekima, lakini anatoa mfano. Mwenye hekima amezama katika kuhesabu nyota. Mara inaletwa habari kwamba nchi yake imo hatarini, naye anaweza kuisaidia. Hapana budi aziache nyota. Elimu isiyowafikia wengine ni elimu pungufu. Ushujaa nao, ukipigania faida ya mwenyewe, hugeuka ukatili. Ndiyo maana haki ndiyo anayoivika taji la malkia wa fadhila zote: fadhila nyingine huweza kumpamba mtu peke yake, lakini haki haiwezekani pasipo jirani.

Tena anafundisha kwamba dhuluma ni za namna mbili. Yuko atendaye uovu, na yuko awezaye kuuzuia asiuzuie. Huyu wa pili hunyamaza kwa kuogopa uadui, kwa kukwepa taabu na gharama, au kwa uvivu tu. Ndugu zangu, hapo kila mwenye meza ya ofisi na ajichunguze.

Anatupa pia kisa cha mfanyabiashara aliyefika Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Mtu huyo anajua kuwa merikebu nyingine za nafaka zimo njiani. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Wanafalsafa walibishana. Cicero akakata shauri: kuficha jambo ili ufaidike kwa kutojua kwa mwenzako si kazi ya mtu mwadilifu. Mlanguzi ni wa kale kuliko tunavyodhani.

Wala hayakuwa maneno matupu. Gaius Verres, aliyetawala Sicily miaka ya 73 hadi 71 K.K., aliwanyang'anya wakulima nafaka na mahekalu sanamu zake. Mwaka 70 K.K. Cicero alimshitaki mbele ya mahakimu waliokuwa maseneta kama mshitakiwa. Verres alikimbilia uhamishoni kabla kesi haijafika mwisho.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 63 K.K., akiwa mkuu wa serikali, Cicero huyo huyo aliupinga muswada wa kuwagawia maskini ardhi ya umma. Katika kitabu chenyewe anaulaani mpango wowote wa kusawazisha mali. Juu ya watumwa, anakubali kwamba watendewe kama vibarua, wafanye kazi na wapewe stahili yao. Hasemi waachiwe huru, naye alikuwa nao nyumbani. Malkia wake alitawala mpaka kwenye ua wa shamba la kabaila, akasimama hapo.

Je, tuitupe hoja kwa sababu ya mtoa hoja? La. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuachia kipimo cha kumhukumia. Kama anyamazaye mbele ya dhuluma ni mshiriki wake, basi utumwa ulimdai Cicero sauti ambayo hakuitoa.

Tarehe 7 Desemba 43 K.K. aliuawa kwa amri ya watawala watatu, akiwemo Marcus Antonius, ambaye alikuwa amemkemea hadharani. Safari hiyo hakunyamaza, ijapokuwa alijua hatari yake.

Basi, mwalimu anapowafundisha watoto fadhila, na mtumishi anapofungua jalada la mnyonge, wasijiulize tu kama wametenda ubaya. Wajiulize pia ni ubaya gani waliouona, wakaweza kuuzuia, wakaupisha.