Trakta Ikikataa Kuwaka



Leo nataka kusema nanyi habari ya trakta ya zamani isiyowaka asubuhi. Huku kwetu Pinga mvua ni nyingi, na fundi yuko mbali. Mimi mwenyewe nilikosa siku moja. Trakta ilinyamaza, nikasema, "Batri imekufa." Tukauza mbuzi watatu, tukanunua batri mpya, na trakta ikanyamaza vilevile. Kumbe ubaya ulikuwa katika waya wa masi, ndio ule unaofungwa kwenye chuma cha trakta. Ulikuwa umeliwa na kutu. Maharagwe yetu yakachelewa kupandwa. Basi msifanye kama mimi.

Kwanza, wekeni gia huru, kazeni breki. Washeni taa za mbele. Mmoja ageuze ufunguo, mwingine atazame taa.

Taa zikififia sana au zikizimika, moto ni kidogo au haupiti vizuri. Pimeni batri. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, itiwe moto. Ikiwa imejaa, tazameni vichwa vyake na nyaya zake nene. Fungueni waya wa masi kwanza, mwufunge mwisho. Sugueni mpaka chuma king'ae, kazeni sana, kisha pakeni grisi.

Taa zikibaki na nguvu, na demarere imenyamaza, msinunue batri. Tazameni ufunguo, waya mwembamba uendao kwenye demarere, na gia. Trakta nyingi hukataa kuwaka gia ikiwa imeingia. Ferguson TE20, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1946 hata 1956, huwashwa kwa mkono wa gia wenyewe.

Demarere ikizunguka upesi, na mota kubwa haizunguki, meno hayashiki. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa neno kubwa kupita yote. Mtu asiunganishe vichwa vya demarere kwa bisibisi, amesimama chini mbele ya gurudumu. Gia ikiwa imeingia, trakta itaondoka na kumponda. Wala msivute tumbako karibu na batri, maana hewa yake hulipuka.

Tazameni kwanza, ndipo mnunue. Mwenye swali na aje, tutafungua pamoja.