Mchango wa Sikukuu Umfikishe Mtoto Darasani



Sikukuu hufungua mikono. Kabla ya sala ya Idd, Waislamu hutoa zakatul-fitri, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, ili maskini naye asherehekee. Krismasi nayo, makanisa hukusanya unga, nguo na fedha.

Mwishoni mwa 2023, mafuriko Isiolo yalihamisha familia zilizokuwa bado na majeraha ya ukame wa misimu mitano ya mvua. Waliopoteza mifugo kwa jua wakapoteza na nyumba kwa maji. Chakula cha Krismasi humshibisha mtoto siku hiyo. Januari shule zinapofunguliwa, anahitaji sare, viatu na madaftari.

Kwa hivyo harambee ya sikukuu isiishie kwenye sufuria. Kila kamati itenge fungu la shule, iandike orodha ya watoto pamoja na chifu na mwalimu mkuu, kisha isome hesabu hadharani. Mtoto asipigwe picha akipokea msaada. Heshima yake nayo ilindwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha sikukuu hii kibakishe cha Januari.